Nachagua Kiolezo

Duka la Chibago liko nyuma ya Sabasaba,
kati ya muuza misumari ya kilo
na kijana anayenoa misumeno kwa tupa.
Alinitandikia gunia, akaweka vitatu,
violezo vya kukatia mikia ya njiwa,
ule mshiko usiotaka msumari.
"Mama, mzee anatumia ruta gani?"
Mzee nilimzika Hombolo, mwaka ule wa mvua nyingi.
Nikamjibu: anatumia ya nusu inchi.

Cha kwanza ni alumini, chepesi kama sufuria ya chai.
Meno kumi na mawili, yamekaza, hayasogei,
mikia yote sawa, kama wanafunzi mstarini.
Bei yake naiweza bila kuuza kitu.

Cha pili kina vidole vinavyotembea kwenye reli.
Huu mkia mnene, huu mwembamba, utakavyo,
hata jirani aape umekatwa kwa mkono.
Bei yake mbuzi watatu wa mnada wa Msalato.

Cha tatu kimechomelewa Kizota.
Mchomeleaji alikinakili cha pili kwa macho tu.
Kizito, bado kinanuka moto.
Nikakiwekea rula: jino la nne limekwenda kando
milimita mbili.
"Milimita mbili, mama, ni kitu gani?"

Miaka thelathini na moja nilikaa masjala, mwanangu.
Watoto wa meza niliowalea walikuwa wa chuma,
wa kijivu, wameng'oka vishikio,
ukimvuta mmoja wanapiga kelele wote.
Faili likikwama kule nyuma
na pensheni ya mtu imekwama.
Niliapa: nikistaafu nitatengeneza mtoto wa meza
anayetoka kwa kidole kimoja, kimya.

(Haya sikuyasema. Nilirudisha tu cha tatu guniani.)

Na nilimtengeneza, kweli, kwa msumeno na patasi.
Mninga wa Sikonge ulifika na unyevu wa kwao,
nikaulaza uvunguni miezi saba,
upepo wa Nkuhungu ukaunyonya taratibu
mpaka ukiugonga unajibu.
Fundi Ndahani, aliyenifunza, alikuwa akisema
mkia huchorwa kwa jicho, hukatwa kwa pumzi.

Lakini tangu Krismasi mkono wa kulia una mambo yake.
Kikombe kinalia juu ya kisahani.
Mstari naujua, msumeno unaujua,
katikati yetu kuna kitu kinatetema.

Chibago nilimwambia nina oda, nataka kasi.
Sina oda. Nina mjukuu, Lechipya,
anakwenda bweni Mpwapwa mwezi wa kwanza,
nami nimemwahidi sanduku lisilo la bati.

Ubao wangu una sentimita thelathini na nane.
Cha kwanza kinashika thelathini.
Basi nikashika cha pili, mbuzi na wauzwe,
nikaomba bisibisi nisogeze kidole kimoja.
Skrubu zake ndogo kama punje za uwele.
Bisibisi ikacheza, ikakwaruza reli,
ikaanguka chini ya meza.
Chibago aliinama kuitafuta
akakaa huko chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Nifungie cha kwanza," nikasema.
Akakifunga kwa gazeti na kamba ya katani.
"Mwambie mzee abane pande zote mbili..."
Akanyamaza. Akakaza fundo.
"Ubane pande zote mbili, mama.
Na usiikimbize ruta."
Akatia jiriwa mbili ndogo ndani ya mfuko.
Kwenye risiti sikuziona.

Nyumbani umeme umekatika.
Nilikaa karakanani, yaani jikoni kwa zamani,
nikahesabu meno kwa ncha ya kidole,
moja mpaka kumi na mbili, halafu kurudi.

Umeme ulirudi saa tatu usiku.
Kipande cha kwanza kilitoka na mwanya wa ukucha;
sasa kinazuia mlango wa banda la kuku.
Cha pili sijakikata. Kwanza nipunguze ubao,
sentimita nane za mninga, roho inauma.
Sanduku litakuwa fupi. Vitabu vitalala.